Biringanya la Utulivu

Mihayo alifika msibani jinsi mtani anavyotakiwa kufika: kachelewa, hana hata kilo ya sukari mkononi, na mdomo wazi tangu barabarani.

"Nyie Waluguru!" alibwata kabla hajavua viatu. "Bibi mmemuua kwa uchoyo wenu, halafu mnajikunja hapa eti mna majonzi! Chakula kiko wapi? Mimi sikuja kuzika, nimekuja kula!"

Koleta alikuwa uani na wanawake wenzake, wanamenya ndizi. Alijikuta anacheka, mara ya kwanza tangu bibi yake Melania akate roho. Mihayo alikuwa fundi wa Kampuni ya Urujuani, anatengeneza wale nyuki wa chuma wanaotikisa maua ya mibiringanya katika bonde zima la Lukwambe, lakini msiba ukitokea ufundi hukaa kando. Yeye ni Mnyamwezi, hawa ni Waluguru, na utani wao ulianza enzi za misafara. Mtani akija msibani anatukana, anapora, anaharibu, na wafiwa nao wanamtukana, wanamfukuza kwa michi, na katikati ya vurugu hiyo mtu aliyekuwa amejikausha kwa huzuni anapata pa kupumulia. Ndiyo kazi yake. Asiyejua atasema watu wamerukwa na akili.

Basi Mihayo akaanza kazi. Alijifunga kanga ya marehemu, akashika mkongojo wake, akapita mbele ya wazee akichechemea vilevile kama Bibi Melania, huku analalamika kwa sauti ya puani, "Nani kaiba tumbaku yangu? Ni wewe Kobelo, mwizi mkubwa, hata ukilala unaiba!" Akachota majivu jikoni akampaka Kobelo kichwani.

Kobelo aliinua uso wenye majivu, akatabasamu. "Karibu sana, ndugu yetu. Pole na safari."

Mihayo akasita kidogo. Akamgeukia Flaviana, mdogo wake Koleta, akamnyakua tetea aliyekuwa amefungwa miguu karibu naye. "Huyu simrudishi! Nakwenda kumchinja kwangu, na nyie mle maganda!"

"Mchukue tu, mtani," Flaviana alisema kwa upole. "Na jogoo yuko kule nyuma, kama atakufaa."

Hapana! Hivi sivyo. Flaviana alitakiwa aruke, amshike shati, amwambie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu ndiyo maana mikono yenu haitulii. Koleta aliangalia huku na huku. Uani kote nyuso zilikuwa zimetulia, zimelainika, zote namna moja.

Kaburini ndiyo ikawa aibu kabisa. Mihayo aliruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akafumba macho. "Sitoki! Leteni mbuzi, la sivyo nizikeni mimi!" Zamani wanaume wangemvuta miguu, wangemmwagia maji, wangebishana naye juu ya mbuzi mpaka watu wote wawe wanacheka na kulia kwa pamoja. Wanaume wa Lukwambe walisimama ukingoni, mikono nyuma, wakamsubiri kwa subira kama watu waliopanga foleni ya maji. Mihayo alilala humo mpaka akachoka, akafumbua jicho moja, kisha akainuka mwenyewe, akajikung'uta udongo. Na hakuna fedheha kubwa kwa mtani kuliko kutoka kaburini bila kutolewa.

Watu walipotawanyika alimfuata Koleta nyuma ya nyumba.

"Shemeji yangu wa uongo," alimwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "hawa watu wamefanywa nini?"

*

Koleta hakulala na swali hilo. Alikwenda nalo kitaluni asubuhi yake, akalizungusha kichwani huku mikono ikifanya kazi iliyoizoea. Yeye ndiye mtaalamu wa mimea wa bonde zima. Kazi ya kitalu chake ilikuwa kuunganisha miche: unakata mche wa biringanya kwa mshazari, unakata mche wa ndulele vivyo hivyo, unavibananisha kidonda kwa kidonda kwa kibanio kidogo, unaviweka gizani penye unyevu mpaka vishikane. Juu biringanya, chini ndulele. Ndulele, lile gugu la miiba la kando ya barabara lenye vitunda vya njano visivyolika, lina mizizi migumu isiyojua mnyauko. Miche yake ya ndulele ililetwa na Kampuni ndani ya trei zilizofungwa, na Koleta aliambiwa ni aina mpya, imara zaidi kwa ugonjwa. Hakuona sababu ya kutoamini.

Sasa aliwaza: mimi na Mihayo tuna nini wenzetu hawana? Au wenzetu wana nini sisi hatuna?

Jibu lilikuwa la kipuuzi mpaka akacheka peke yake. Mihayo alikaa mjini chini, alipanda bondeni kwa kazi na kushuka, akila kwa mama ntilie wake hukohuko. Na Koleta hakuwahi kula biringanya. Tangu mtoto likimgusa ulimi linamwasha, midomo inavimba. Alitaniwa miaka yote: mtu wa Lukwambe, analea mibiringanya kama watoto, na kulila hawezi! Wengine wote walilila kila siku. Tangu maporomoko ya udongo yafukie bustani za mbogamboga, Kampuni iligawa mabiringanya bure kila nyumba. Watu walishukuru. Yeye mwenyewe alishukuru.

Alichukua tunda moja kutoka shambani, na jingine kutoka kwenye mojawapo ya miche aliyoipanda pembeni juu ya mizizi yake yenyewe, isiyounganishwa. Akakamua maji ya yote mawili, akayaweka kwenye kichunguzi cha kitalu. Kichunguzi kilichora mistari. Maji ya tunda lisilounganishwa yalikuwa ya kawaida. Ya shambani yalikuwa na mstari wa ziada, mrefu, wa kitu ambacho biringanya halikitengenezi na halijawahi kukitengeneza. Kilitoka chini. Mzizi ulikipika, ukakipandisha kwenye shina, ukakipitisha pale penye kovu ambapo mikono ya Koleta ndiyo iliyounganisha, ukakiweka kwenye nyama ya tunda.

Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kisha akainuka, na jinsi alivyokuwa, na udongo mikononi, akaenda Ofisi ya Utulivu ya Kampuni.

*

Bwana Lwambano, Afisa Utulivu, hakukana. Hilo ndilo lililomchoma Koleta kuliko yote. Alikuwa mtu nadhifu, anayezungumza taratibu, na nyuma yake ukutani kulikuwa na maandishi yaleyale yaliyopakwa kwenye kila ukuta wa bonde: HASIRA HASARA.

"Dokta, tulidhani unajua," alisema. "Wewe ndiye unayeunganisha."

"Niliambiwa ni dawa ya mnyauko!"

"Ni dawa ya mnyauko pia. Keti, tafadhali."

"Sikai. Mnawalisha watu nini?"

"Utulivu. Hakimdhuru mtu. Moyo unapiga vizuri, usingizi unakuja, mtu anafanya kazi, anacheka na wanawe. Kinaondoa kitu kimoja tu." Alisogeza mkono hewani mbele yake, na picha ikatokea juu ya meza. "Tulilazimika, Dokta. Tazama mwenyewe hali ilivyokuwa."

Koleta alitazama.

Yalikuwa mazishi ya watoto wa chekechea. Ghala la kufungashia lilijengwa juu ya chemchemi, watu wakasema chemchemi haijengewi, Kampuni ikajenga. Na chekechea ya watoto wa wafanyakazi ikawekwa humohumo ukumbini. Mvua za masika zilipokuja, udongo ukaporomoka, ukuta ukaenda. Watoto tisa. Wa Flaviana alikuwa Zita, ana miaka minne, na kwa Waluguru mtoto wa mdogo wako ni mwanao. Koleta alikuwa mama yake mkubwa, ndiye aliyemchagulia jina.

Ile picha iliyotokea mezani ilitoka kwenye masikio, vile vijiti vya Kampuni vilivyosimikwa kila njia panda na makaburini, vinavyosikiliza sauti za watu, kurekodi picha zao na kupima hasira. Alimwona Mihayo akiruka ndani ya kaburi dogo, anapiga kelele, "Nizikeni mimi! Mimi mzee nimeshakula ugali wa kutosha! Mtoto arudi!" Alimwona Flaviana akimrukia. Alikuwa amekaa tangu alfajiri bila kulia, bila kusema, macho makavu kama jiwe. Alimrukia mtani wake akampiga kwa kandambili, akampiga kwa ngumi, akamng'ata bega, anapiga mayowe ambayo Koleta aliyasikia tena sasa hivi mifupani. Na Mihayo hakujikinga, alikaa tu, akapigwa, mpaka mikono ya Flaviana ikachoka na akamwangukia kifuani, akalia. Akalia hatimaye.

Pembeni ya picha kulikuwa na maandishi mekundu. *Shambulio la mwili. Ghasia, daraja la juu. Chukua hatua.*

"Kila kaburi lilikuwa hivyo," alisema Bwana Lwambano. "Watu wanapigana makaburini, wanatupiana majivu. Tungeacha, bonde lingewaka moto."

"Ule ulikuwa utani," Koleta alisema. Akarudia, sauti ikatoka zaidi ya alivyokusudia. "Ule ulikuwa *utani!* Kile kilikuwa kilio! Yule mtu alikuja kupigwa kwa hiari yake ili mama aweze kulia! Wewe umezaliwa wapi, usijue utani?"

"Nimezaliwa Iringa, Dokta. Najua utani. Lakini mtambo haujui, na ripoti inatoka kwa mtambo."

"Ukajua, ukanyamaza!"

Bwana Lwambano alipangusa meza iliyokuwa safi. "Nilikuta uamuzi umeshafanyika. Na sasa fikiria vizuri, kwa faida ya mdogo wako. Mara ya mwisho kabla ya mabiringanya, alikuwa wapi?"

Flaviana alikuwa ukingoni mwa korongo, na Koleta ndiye aliyemvuta kwa nguo.

"Leo anaimba akiosha vyombo," alisema Bwana Lwambano. "Jumamosi hakimu anakuja, wazazi watasema wamesamehe, shauri litafungwa, na maisha yataendelea. Unataka kumrudishia lile korongo?"

Hapo ndipo Koleta alipoelewa yote, mwanzo hadi mwisho. Sheria ilikuwa wazi: ajali ya kazini iliyoua watoto huenda mahakamani, isipokuwa wazazi, kila mmoja kwa kinywa chake, bila kushurutishwa, waseme wamesamehe. Mzazi akishasamehe, shauri la mwanawe halifunguliwi tena milele. Walikuwa hawajamshurutisha mtu. Walikuwa wamemlisha.

Alitoka bila kuaga. Nje, sikio la njia panda lilimsikia anavyohema, likawasha taa nyekundu, na Koleta akalitemea mate.

*

"Jibu ni jepesi," alisema Mihayo. Alikuwa amelala chali chini ya mtambo wa nyuki, miguu tu inaonekana. "Una mibiringanya yako isiyounganishwa pale pembeni. Jikoni kwa wafanyakazi wanapika sufuria moja, na mgao wa majumbani unatoka kapu moja. Badilisha. Jumamosi wataamka na akili zao, na huyo Lwambano atajua kwa nini mwiba hutokea ulipoingilia."

"Bila kuwaambia?"

Mihayo alijitoa chini ya mtambo, uso mweusi kwa grisi. "Wakiambiwa watasema asante, karibu chai. Umewaona msibani."

"Wao waliwalisha bila kuwaambia. Na mimi niwalishe bila kuwaambia. Tofauti yangu na Lwambano itakuwa nini? Kwamba mimi nina sababu nzuri? Na yeye alikuwa na sababu nzuri!"

"Wewe na shule yako!" Mihayo alitupa spana chini. "Watoto wamekufa, mama zao wanakwenda kusema tumesamehe huku wanatabasamu, na wewe unapima tofauti! Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Koleta."

"Simchelei mwana. Namchelea mama yake. Ulimwona pale korongoni? Mimi nilimwona. Nikimrudishia yale usiku mmoja, hajui yametoka wapi, hajui kwa nini, akaenda tena nikiwa nimelala, utakuja kuruka kaburini mwake?"

Mihayo alijigusa begani bila kujua, pale alipong'atwa.

"Mimi nilipigwa na yule mwanamke," alisema baadaye, taratibu. "Alinipiga kweli. Nilikwenda nyumbani nina alama, nikamwambia mke wangu, leo nimefanya kazi. Kumbe kwa sababu ile ndiyo wakawawekea dawa. Kwa sababu yangu mimi. Mimi siwezi kukaa na hilo, shemeji."

Hawakuafikiana. Lakini mibiringanya ile ya pembeni ilibaki bila kuguswa, na Koleta akaenda kwa mdogo wake.

*

Flaviana alikuwa barazani kwake anakata mabiringanya vipande vya mviringo na kuvitia kwenye maji ya chumvi kuondoa ukakasi. Rangi ya zambarau ilikuwa imemwingia kwenye kucha.

"Flavi, acha kukata kwanza."

"Nakusikiliza kwa masikio, dada, sikusikilizi kwa kisu. Sema."

Koleta alisema. Alisema yote, mzizi, mstari, Ofisi ya Utulivu, ile picha, taa nyekundu. Aliposema "utani" akalia, akakasirika kwa kulia. Flaviana aliendelea kukata, kipande, kipande, hakuna hata kimoja kilichokuwa kinene kuliko mwenzake.

"Kumbe ndiyo maana," alisema mwishoni.

"Ndiyo maana nini?"

"Picha ya Zita iko pale ndani, ukutani. Nikipita nasimama. Natafuta kitu. Unajua ukiingia chumbani ukasahau ulichofuata? Nasimama, nasimama, halafu natoka." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeelezea bei ya mchele. "Nilidhani ndiyo kuzoea."

"Si kuzoea. Wamekuibia."

"Eeh. Inaelekea." Aliweka kikaango motoni. "Nikiacha kula, itakuwaje?"

Hapa Koleta angeweza kudanganya. Alitamani. Uongo mdogo wa mapenzi, kwamba itakuja kidogokidogo, kwamba muda umepita, kwamba haitauma kama mwanzo.

"Itarudi yote," alisema. "Kwa pamoja. Haijaisha, imewekewa kifuniko tu. Itakuwa kama siku ileile."

"Na kule korongoni?"

"Na kule."

"Utakuwepo?"

"Nitahamia hapa. Nitalala mlangoni."

Flaviana alifikiri. Unaweza kumwona mtu akifikiri bila kuumia; ni kama kumwona akihesabu. "Sasa dada, mimi siumwi. Mtu asiyeumwa utamwambiaje ajitie maumivu? Nakuelewa unavyosema. Nakuelewa kabisa. Ila sioni mlango wa kuingilia."

Akavitoa vipande majini, akavikamua, akavikaanga. Akaweka nazi. Harufu yake ilikuwa nzuri, na hilo nalo lilimuudhi Koleta. Mguu ulimwasha kutaka kulipiga lile bakuli teke. Hakulipiga. Alikaa akamtazama mdogo wake akila, tonge baada ya tonge, kwa utulivu, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya watu wawili.

*

Alizunguka nyumba nyingine zote za wafiwa. Kila mlango alisema maneno yaleyale, na kila mlango alikaribishwa kiti.

"Ahaa. Basi ndiyo hivyo," walisema. "Asante kwa taarifa, Dokta. Utakunywa chai?"

Kwa Kobelo, baba wa marehemu Liberati, alipiga kelele. Kha! Alimshika mabega mzee wa watu, akamtikisa. "Mwanao, Kobelo! Liberati alikuwa anakufuata mpaka chooni! Huna hasira hata kidogo?" Na Kobelo akampigapiga mkono kumbembeleza, akamwambia apumzike, anaonekana amechoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Haya, na mzazi akinyang'anywa uchungu, nani aujue?

*

Jumamosi baraza lilijaa. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka mjini, mwenye miwani na sauti ya kuchoka. Bwana Lwambano alikaa mstari wa mbele. Koleta na Mihayo walisimama nyuma, kwa sababu sheria haikumtambua mama mkubwa wala mtani. Iliuliza mzazi tu.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Kobelo.

"Baba wa marehemu Liberati. Unasema nini juu ya kifo cha mwanao? Hujashurutishwa?"

"Sijashurutishwa, Mheshimiwa. Nimesamehe." Akatabasamu, akaketi.

Ilikuwa fupi hivyo. Karani akaingiza. Kifo cha mtoto aliyekuwa anamfuata baba yake mpaka chooni kikaisha hapo, kwa neno moja. Mihayo alitoa mguno kama mtu aliyekanyagwa.

"Mama wa marehemu Zita."

Flaviana alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Uso ulikuwa umetulia kama wa wenzake wote, na Koleta alishika nguzo ya baraza akafumba macho.

"Unasema nini juu ya kifo cha mwanao? Umesamehe?"

"Siwezi kujibu, Mheshimiwa."

"Hutaki?"

"Siyo kwamba sitaki. Mimi naona ni sawa tu." Alisema kwa upole uleule, kama aliyeulizwa njia na anasikitika kutoijua. "Lakini mimi siye wa kuulizwa. Unamuuliza mama Zita, na mama Zita hayupo. Yuko hapa amevaa gauni langu, lakini amelazwa. Hawa wamemlaza kwa chakula. Nikisema nimesamehe, nitakuwa nimesamehe kwa niaba ya mtu ambaye hajaulizwa. Ingekuwa wizi, Mheshimiwa."

Bwana Lwambano alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, shahidi amerubuniwa na dada yake, ambaye ni mfanyakazi wetu mwenye..."

"Hujaulizwa," alisema hakimu. Alivua miwani. "Mama, chakula gani?"

"Mabiringanya, Mheshimiwa. Dada yangu ana vipimo."

Minong'ono ilipita barazani, ya chini, ya adabu. Kisha Kobelo akanyanyua mkono. Alikuwa bado anatabasamu, maana uso wake haukujua namna nyingine, lakini alisimama bila kuitwa. "Mheshimiwa, samahani. Nami naomba la kwangu lirudishwe. Nadhani baba Liberati naye hayupo."

Hakimu alimtazama karani. Karani alitazama chini. "Limeshaingia, Mheshimiwa. Kwa sheria likiingia halitoki."

"Ahaa," alisema Kobelo. "Basi sawa." Akaketi.

Hilo *basi sawa* ndilo lililomtoa Koleta kwenye nguzo. Alipita katikati ya watu hajui anakanyaga nani.

"Si sawa!" alipiga yowe. "Si sawa hata kidogo! Mzee huyu angekuwa na roho yake angebomoa baraza hili kwa mikono! Mmejenga juu ya chemchemi, mmeua watoto, kisha mmewanyima hata kukasirika, na sasa mnakuja na karani! Mimi ni mama mkubwa wa Zita, mimi sikula, niulizeni mimi! Kwa nini hakuna anayeniuliza mimi?"

Sikio lililokuwa juu ya paa liliwaka jekundu. Walinzi wawili walimshika mikono. Katika ukumbi mzima uliojaa wafiwa, walikuwa wanamshika mtu pekee aliyekuwa anaomboleza, na waliomzunguka walimtazama kwa huruma laini, kama mgonjwa.

"Mwacheni," alisema hakimu. Sauti haikuwa ya kuchoka tena. "Nimesema mwacheni. Na uzimeni huo mtambo."

Mihayo hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikuwa juu ya benchi, mkono kwenye waya, na taa ikafa.

Hakimu aliandika kwa muda. "La Liberati sina uwezo nalo," alisema, na alionekana kulimeza kwa shida. "Sheria imenifunga, nami nitaandika kwamba imenifunga vibaya. Waliobaki hawataulizwa leo. Shauri la Zita halifungwi. Litamsubiri mwenyewe." Akamgeukia Flaviana, ambaye alikuwa bado amesimama, mikono imekunjwa mbele. "Mama, huyo mwenzako atarudi lini?"

"Sijui, Mheshimiwa. Leo asubuhi sikula. Sikuwa na sababu, nilikiangalia tu chakula, nikakiacha. Dada anasema akirudi atakuja na yote kwa pamoja. Anasema ataniumiza sana." Alitafuta uso wa Koleta kati ya walinzi mpaka akaupata. "Basi aje. Mtoto ni wake."